Kesi ya Kompyuta ya Sebuleni

Wa kwanza kushtakiwa alikuwa mwanetu wa kwanza. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri kupangiwa shule, na kijana wa umri huo akikaa mbele ya kompyuta hakuna mtu mzima anayeamini kwamba anafanya jambo la maana. Kwa hiyo siku ile skrini ilipogeuka bluu ghafla, ikaonyesha uso wa huzuni na maandishi ya Kiingereza, kisha mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe, baba yake hakuuliza kimetokea nini. Aliuliza, "Umeingiza nini humu?"

Tunakaa Chumbageni, Tanga, nyumba moja na mama mkwe wangu. Kompyuta yetu ni ya mezani, ile ambayo imetumika maofisini ng'ambo, ikaletwa kwa meli na kuuzwa kwa bei ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kuimudu. Inakaa pembeni mwa sebule, karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa cha kufuma alichokitengeneza mama kwa mikono yake. Kila mtu ana haki nayo. Mume wangu huchapia mitihani ya majaribio. Kijana huhariri video za harusi za mtaani, kazi inayompatia vijisenti vya halali. Mama husikiliza kaswida na mawaidha baada ya alasiri. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 30, na hesabu zote za hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii zimo humo. Chombo kinachotumiwa na watu wote hao kikiharibika, ugomvi haubaki kwenye chombo.

Ilijizima tena nikiwa katikati ya kujumlisha marejesho. Ikajizima mama akisikiliza kaswida. Ikajizima usiku wa manane, haina mtu mbele yake, tukaamshwa na mlio wake wa kuwaka upya. Halafu ikakaa siku kadhaa imetulia kabisa, mpaka tukaanza kusahau, na ndipo ikarudia. Kijana alipokwenda Pangani kwa shangazi yake, ilijizima usiku uleule aliosafiri. Nilimwambia baba yake, "Mshtakiwa hayupo na kosa limetendeka." Akanijibu kwamba virusi vikishaingia havihitaji aliyevileta abaki nyumbani. Aliporudi, kijana akakatazwa kuigusa.

Jambo moja lazima niliseme kwa ajili ya yule mtoto. Tangu mara ya kwanza alikuwa amepiga picha ile skrini ya bluu kwa simu yake. Alinionyesha: chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na neno refu lililoanza na herufi WHEA. "Mama, hii siyo alama ya virusi. Nimetafuta, inasema ni kosa la kifaa chenyewe." Nilimpelekea baba yake ile picha. Hakuitazama.

Tukaenda kwa fundi. Sitamtaja, wala duka lake, kwa sababu ni kijana mwenye bidii na alichokifanya ndicho kinachofanywa na mafundi wengi wa miji yetu. Aliwasha mashine, akaiona inafanya kazi, akasema, "Mama, hapa ni kupiga windo upya tu." Tukahamishia mafaili kwenye flashi, akafuta kila kitu, akaweka Windows mpya. Ikakaa vizuri siku chache. Kisha bluu.

Mara nyingine akasema rami, akabadilisha rami. Bluu. Tulipomrudia tena, safari hii alifungua daftari la matukio la Windows, lile ambamo mfumo huandika kila linaloupata, akakuta mstari mwekundu wenye namba 41 na maneno yanayohusu umeme. "Nimeupata," akasema kwa furaha. "Ni pawa saplai." Tukanunua pawa saplai.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba mstari ule wa namba 41 huwapotosha watu dunia nzima. Windows huuandika inapowaka na kugundua kwamba mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu. Haisemi chanzo. Umeme ukikatika utaandikwa, mtoto akichomoa waya utaandikwa, prosesa ikianguka utaandikwa vilevile. Na kulikuwa na jambo lililonisikitisha zaidi ya gharama: kupiga windo upya kulifuta daftari lote la nyuma. Kila kilichokuwa kimeandikwa tangu mwanzo wa matatizo kiliondoka siku ile, na hakuna aliyekuwa amekisoma.

Mama mkwe wangu alikuwa na maoni yake. Watu wengi huingia sebuleni kwetu, wengine huisifu ile mashine bila kusema mashallah. Jioni moja alileta chetezo, akafukiza ubani pale pembeni huku akisoma dua. Nilisogeza kitambaa tu kisishike cheche. Mama anaipenda nyumba hii na alifanya alilolijua. Lakini pia ndiye mtu pekee aliyemwambia mwanawe waziwazi, mbele ya chakula: "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu mtoto hamjathibitisha kitu juu yake."

Kilichonikosesha usingizi mimi ni kikoba. Mzunguko ulikuwa unakaribia kwisha, siku ya kuvunja na kugawana inakuja, na katika vikao viwili mfululizo nilifika bila karatasi za hesabu kwa sababu mashine ilizima kabla sijachapisha. Wanawake wenzangu hawakunitukana. Walinyamaza, na mmoja akauliza kwa upole kama hesabu ziko salama. Swali la upole la namna hiyo kwa mweka hazina ni zito. Fedha zile ni za mauzo ya samaki na vitumbua, na nyingine za cherehani. Mtu amejinyima ili anunue hisa.

Ndugu yangu mdogo alikuja kula Idi nasi. Yeye hutunza seva za chuo kimoja Morogoro, mashine zinazofanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Baada ya pilau, mume wangu akamweleza kesi yote, tangu virusi mpaka pawa saplai. Mdogo wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Shemeji, mashine yenyewe imesema nini?"

"Mashine inasemaje?"

"Inaandika. Mjomba, njoo," akamwita kijana. "Ile picha uliyopiga unayo bado?"

Nilimwona mwanangu akikimbilia simu yake, na nikafurahi peke yangu.

Walifungua daftari lilelile la matukio, ila hawakuishia kwenye mstari wa 41. Walichuja mpaka ikabaki mistari ya chombo kimoja kinachoitwa WHEA, sehemu ya Windows inayopokea ripoti za makosa ya vifaa. Ilikuwa mingi sana. Mingi ilikuwa ya namba 19, yaani kosa limetokea na limesahihishwa. Michache ilikuwa ya namba 18, kosa la mauti, na kila mmoja wa hiyo ulilingana na siku tuliyoona bluu. Yote ilisema imeripotiwa na kiini cha prosesa. Aina ya kosa: hitilafu ya usawa wa ndani.

Nilitaka kuelewa usawa huo ni nini, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Mdogo wangu akanieleza kwamba ndani ya prosesa kila kitu ni sifuri na moja, na kwamba watengenezaji waliongeza tarakimu moja ya ulinzi pembeni ya kila fungu la tarakimu, ili idadi ya moja zilizomo iwe shufwa daima, au witiri daima, kwa mujibu wa muundo. Fungu likisomwa tena na idadi ikawa imegeuka, prosesa inajua kuna kitu kimebadilika tangu lilipowekwa.

Nikaelewa mara moja, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyofanya kwenye kikoba. Kabla ya kufunga sanduku lenye kufuli tatu, mwenyekiti hutangaza kiasi kilichobaki, na wote tunakikariri. Kikao kinachofuata, kabla ya kuhesabu, anauliza: tulifunga na ngapi? Tukihesabu na isilingane, tunajua kuna jambo. Hatujui nani, wala lini. Tunajua tu kwamba kilichomo sicho kilichowekwa, na kwamba hakuna kuendelea mpaka kieleweke.

"Ndiyo hasa, dada," akasema. "Na prosesa nayo hufanya hivyo. Ikiweza kusahihisha, inasahihisha, inaandika, kazi inaendelea. Ikiona uharibifu umefika mahali ambapo haiwezi tena kuamini hesabu zake, inasimamisha kila kitu. Ile bluu siyo ugonjwa. Ile bluu ni prosesa inakataa kuendelea na hesabu isiyoiamini."

Sentensi ile ilinikaa. Miezi mizima tulikuwa tunakasirikia kitu kilichokuwa kinatulinda.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu na hapendi jambo libaki nusu, akasema basi yameisha, prosesa imekufa, tununue nyingine. Mdogo wangu akakataa. Ripoti ya prosesa, alisema, ni maelezo ya shahidi, siyo hukumu. Prosesa inaweza kutoa hitilafu ya usawa kwa sababu imechoka yenyewe; inaweza kuitoa kwa sababu madabodi inaipa umeme pungufu, au pawa saplai inayumba, au joto limezidi, au mtu amebadilisha mipangilio ya BIOS akailazimisha kwenda kasi isiyo yake. Mmefanya haraka mara ya kwanza mkamhukumu mtoto, akasema, msifanye haraka mara ya pili mkaihukumu prosesa.

Kulikuwa na dalili moja iliyoelekeza upande fulani. Prosesa yetu ina viini vinne, na kila kiini hujigawa kuwa njia mbili za kazi, kwa hiyo Windows huona njia nane, zikihesabiwa kuanzia sifuri hadi saba. Kila mstari wa WHEA hutaja njia iliyoripoti. Kijana alipewa kalamu aorodheshe. Akajaza ukurasa: nne, tano, nne, nne, tano. Hakukuwa na sifuri wala saba, wala nyingine yoyote. Njia namba nne na namba tano ni za kiini kimoja, cha tatu. Ingekuwa umeme wa nyumba au joto la jumla, makosa yangetawanyika kwenye viini vyote. Haya yalikuwa yamekaa mahali pamoja.

Asubuhi yake tukaitoa mashine verandani na kuifungua. Tanga ina unyevu na hewa ya chumvi, na wakati wa kaskazi sebule yetu huwa tanuri. Ndani ya lile boksi tulikuta vumbi limeshikana kwenye feni na skrubu zina kutu. Na kile kitambaa cha mama, kizuri kama kilivyo, kilikuwa kinaziba matundu ya hewa nyuma. Mama mwenyewe alikikunja, akasema atakifua na kukiweka juu ya redio. Mdogo wangu aling'oa feni ya prosesa. Ile grisi inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma cha kupozea ilikuwa imekauka na kupasuka. Akaifuta kwa spiriti, akapaka mpya, kiasi kidogo katikati.

Kabla ya usafi, mashine ikibebeshwa kazi nzito joto lilikaribia nyuzi 100, ambako prosesa za aina hii huanza kujipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Baada ya usafi ikabaki kwenye sabini na kitu. Mume wangu akachukulia kesi imefungwa. Jioni bluu ikarudi. Kwa hiyo joto halikuwa chanzo cha moja kwa moja, ingawa mdogo wangu anaamini miaka ya kuungua humo ndani ndiyo iliyokizeesha kile kiini, nami nakubaliana naye.

BIOS ikarudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani. Hakuna badiliko. Usiku ikawekwa flashi yenye Memtest86+, programu inayoandika na kusoma kila chumba cha rami kwa mitindo mbalimbali bila Windows kuwemo. Hilo lilikuwa la lazima, kwa sababu rami ya kompyuta za kawaida kama yetu, tofauti na ya seva, haina tarakimu za ulinzi. Ikikosea haijiripoti, inapitisha uongo kimya. Hadi alfajiri haikuwa na kosa hata moja. Pawa saplai ilikuwa mpya, na hata hivyo tuliazima nyingine kwa jirani. Bluu ileile.

Usiku ule wa Memtest tulikaa barazani, na mama akauliza swali ambalo lilimfanya mdogo wangu aweke kikombe chini. "Inawezekana kitu kisichoonekana kikakiharibu chombo hiki?"

"Inawezekana, mama," akamjibu kwa heshima, wala hakuwa anamridhisha tu. Akamweleza kwamba mwaka 1978 watafiti wawili wa Intel, Timothy May na Murray Woods, walionyesha kwamba chembe ndogo za urani na thori zilizokuwa kwenye kauri ya kufunikia chipu zilikuwa zinatoa mnururisho unaogeuza sifuri kuwa moja ndani ya kumbukumbu. Na miale inayotoka nje kabisa ya dunia hufanya hivyohivyo, ndiyo maana seva huwekewa rami yenye kujisahihisha. Mama akaitikia taratibu. "Lakini hiyo," mdogo wangu akaendelea, "hupiga popote. Haiwezi kurudi kila siku kwenye kiini kilekile." Mama akasema basi hapa kuna jeraha, siyo jicho. Sijasikia mtu aliyeieleza tofauti ile vizuri zaidi.

Mume wangu alikuwa bado na shaka, na shaka yake ilikuwa ya haki: mafundi wote aliowahi kuongea nao husema prosesa haifi, kinachokufa ni madabodi. Mdogo wangu akamwambia kwamba ni kweli hufa mara chache, na ndiyo sababu haishukiwi. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinachakaa mapema kwa sababu ya umeme uliozidi ndani yake, ikatoa marekebisho na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Na zamani zaidi, mwaka 1994, Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, Virginia, alikuwa anajumlisha vinyume vya namba tasa pacha, yaani moja gawanya kwa kila namba, akaona majibu hayalingani. Alitumia miezi kuondoa sababu nyingine zote, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki prosesa ya Pentium. Ilikuwa na jedwali la kugawanyia ambalo nafasi tano zilikuwa hazijajazwa. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 ilipaswa kutoa 1.33382, yenyewe ilitoa 1.33374. Intel ilitenga dola milioni 475 kwa sababu ya kosa lile.

Mwalimu alikaa kimya, kisha akachukua karatasi na kugawanya kwa mkono. Ndivyo alivyo. Alipofika tarakimu ya nne baada ya nukta akamtazama mwanawe na kusema, "Tatu nane, siyo tatu saba." Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuwaona wameinamia karatasi moja.

Namba tasa ndizo zilizotusaidia na sisi. Mdogo wangu aliweka Prime95, programu ya mradi ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996 wa kutafuta namba tasa kubwa za aina ya Mersenne. Hesabu zake ni nzito na majibu yake yanajulikana mapema, kwa hiyo prosesa ikiteleza hata kidogo inashikwa papo hapo. Mwaka 2016 programu hiyohiyo ilisaidia kufichua kasoro katika prosesa za Intel ziitwazo Skylake. Kijana ndiye aliyeifunga kwenye kiini kimoja kimoja. Kiini cha kwanza kilikesha salama. Cha pili salama. Cha nne salama. Cha tatu hakikumaliza hata muda wa kuchemsha chai: programu ikasimama na kusema kwamba tofauti iliyopaswa kuwa chini ya 0.4 imefika 0.5. Tukairudia, ikaanguka vilevile. Mara nyingine haikusubiri kusema, ikaenda moja kwa moja kwenye bluu.

Hata hapo mdogo wangu hakutoa hukumu, nami nampenda kwa hilo. Alibaki na mshukiwa mmoja zaidi: madabodi. Shule jirani ina kompyuta za aina ileile, na mkuu wa shule, aliyesoma na mume wangu, akaturuhusu tutumie moja wakati wa likizo. Prosesa yao ikaja kwetu, yetu ikaenda kwao. Madabodi yetu ikiwa na prosesa ya shule ilipita Prime95 usiku kucha, daftari la WHEA halikuandika kitu. Mashine ya shule ikiwa na prosesa yetu iliandika makosa jioni ileile: njia namba nne, njia namba tano. Kosa lilikuwa limehama pamoja na prosesa. Tukarudisha kila kitu mahali pake, tukaiacha mashine ya shule ikiwa safi na grisi mpya kama shukrani.

Hapo mume wangu alimwita kijana uani. Sikwenda kusikiliza, lakini dirisha la jikoni liko wazi siku zote. Nilimsikia akisema, "Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa na ushahidi mkononi na mimi sikuutazama." Katika nyumba nyingi za kwetu baba hasemi hivyo kwa mtoto. Huyu alisema, na hakuharakisha.

Mimi nilibaki na hofu yangu. Kama kiini kinaweza kukosea hesabu, je, hesabu za kikoba? Nilimuuliza mdogo wangu, naye hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema makosa yanayoripotiwa ndiyo yenye nafuu. Hatari ni yasiyoripotiwa. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook waliandika kuhusu kiini kimoja kilichokuwa kinazidisha 1.1 kwa yenyewe mara 53 na, badala ya kupata 156 na ushee, kinatoa sifuri; kwa kosa hilo, mafaili yenye data yakahesabiwa kuwa hayana kitu na kuachwa. Hakuna skrini ya bluu iliyotokea. Mwaka huohuo wahandisi wa Google nao waliandika kwamba wanakutana na viini vichache vya namna hiyo katika kila maelfu kadhaa ya mashine.

Basi nikafanya ninalolijua. Windows iliwekwa itumie njia nne za mwanzo tu, yaani viini viwili vya kwanza, ikawa polepole lakini haikuanguka. Nikawaita wanachama walete vitabu vyao. Kwenye kikoba kila hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu cha mwenyewe, na mihuri haitegemei prosesa. Tulikaa sebuleni wanawake watano, mmoja anasoma mihuri, mwingine anaandika, mama mkwe wangu anahesabu kwa tasbihi ili tusipotee, kijana analinganisha na skrini. Faili moja la marejesho ya mwezi mmoja liligoma kufunguka; tulilijenga upya kutoka kwenye vitabu. Mengine yote yalilingana hadi shilingi ya mwisho. Yule mwenzangu aliyeuliza kwa upole ndiye aliyefunga hesabu kwa sauti.

Prosesa nyingine ya aina ileile tuliipata kwa yule fundi wetu, kutoka kwenye mashine iliyovunjika madabodi, kwa bei ndogo kuliko rami na pawa saplai alizotuuzia. Kabla ya kulipa, kijana aliomba kuifanyia majaribio palepale dukani, kiini kimoja kimoja. Fundi alikaa pembeni yake akitazama. Alipoona jinsi mistari ya WHEA inavyochujwa, akavuta daftari lake la wateja na kuanza kunakili hatua. Akauliza kama kijana anaweza kuja dukani Jumamosi. Ana mashine tatu za wateja zilizopigwa windo mara nyingi na bado zinaanguka.

"Muulize mwenyewe," mume wangu akamjibu. "Yeye ndiye anayejua kuzisoma."

Kijana alisema atakuja, ila kwanza fundi asizifute.